Kuuliza na Kuulizwa: Historia Fupi ya Mahojiano Kwetu Goma



Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Lakini walijua pia ya kuwa kuna kuuliza na kuuliza. Mgeni akifika jioni, anaulizwa maulizo yaleyale ya kila mgeni: unatoka wapi, baba yako ni nani, unaenda kwa nani, huko njiani kuko amani? Awe tajiri ao maskini, maulizo ni hayo. Akiisha kukaa na kunywa maji, mzee anamwambia tu: «Sasa leta habari.» Hapo hakuna orodha tena. Mgeni anasema, mzee anasikiliza, na pale anapoona neno limepita haraka anamrudisha nyuma.

Namna ya kwanza, wataalamu wa leo wanaiita mahojiano yenye utaratibu: maulizo mamoja, kwa mpango mumoja, kwa watu wote. Ya pili ni mahojiano ya nusu utaratibu: mwenye kuuliza ana mambo machache ya kufuata, lakini anaacha mlango wazi. Mu mji wetu namna hizi mbili zimeamua mambo makubwa: nani apate kazi, na nini kiandikwe juu ya vita na wafu wetu. Ndiyo sababu tunazitia katika kitabu hiki cha desturi.

1. Wakati wa Wabelgiji

Kwa amri ya mwaka 1910 na ile ya 1933, serikali ya koloni ilipanga nchi katika maeneo ya machifu. Maofisa walipita wakiuliza juu ya ukoo, mipaka na mamlaka. Majibu yaliandikwa kwa Kifaransa na kupelekwa ofisini. Mzee aliyejibu hakujua kila mara ya kuwa neno lake juu ya kilima fulani litakuwa mpaka wa kesho. Tangu hapo watu wa kwetu walijifunza kumpima mwenye kuuliza mbele ya kumjibu.

Kwenye kazi maulizo yalikuwa machache. Waliotafuta watu wa migodi ya Katanga walitazama zaidi mwili: daktari alipima afya, basi. Kwa kazi ya karani, barua ya padri ilisema mengi kuliko mdomo wa kijana mwenyewe.

2. Mzee wa Walikale

Hata hivyo wakati uleule kulikuwa na kuuliza kwa namna nyingine. Mwaka 1956, huko kwa Wanyanga, mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza fundi wa hadithi, Candi Rureke, akisimulia habari za Mwindo. Kazi iliendelea siku kadhaa, kwa wimbo, kwa maneno na kwa ngoma. Mwaka 1969 ilitoka kitabu, na pamoja na jina la Biebuyck kuna jina la Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga mwenyewe.

Tujiulize: kama Rureke angepewa karatasi yenye maulizo 40 ya «ndiyo ao hapana», tungebaki na nini leo? Kuna mambo ambayo mwenye kuuliza hajui hata kuyauliza. Hayo yanatoka tu kwa mtu aliyeachiwa nafasi ya kusema.

3. Kazi za ma-ONG

Mwezi wa 7 mwaka 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikawafuata. Mashirika yalifika mengi, yakahitaji madereva, wauguzi, wakalimani na walinzi palepale. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002, Nyiragongo ilimwaga moto ndani ya mji, na haraka ikarudi. Penye haraka, kazi inapita kwa ndugu na rafiki. Tangu siku hizo mji mzima unajua malalamiko haya: «Uliingia juu ya nani?»

Ndipo usaili wenye utaratibu ulipopata maana kwetu. Tangazo linabandikwa, kunakuwa mtihani wa kuandika, kisha mtu anaingia kwenye meza ya watu watatu ao wanne, kila mmoja na karatasi ya pointi. Tutoe mfano wa dereva. Wote wanaulizwa: «Umefika kwenye bariyeri na wagonjwa ndani ya gari, askari mwenye bunduki anataka kupanda. Utafanya nini?» Jibu zuri limeandikwa mbele ya siku ile: atasimama, atasalimia kwa heshima, ataeleza ya kuwa silaha haziingii mu gari hii, ataita ofisi kwa redio. Kila msaili anatia pointi peke yake, kisha ndipo wanaongea.

Hii si maneno ya wazungu tu. Mwaka 1998 Wamarekani Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85, wakaona usaili wa namna hii unaonyesha atakayefanya kazi vizuri kuliko mazungumzo yasiyo na mpango. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipiga hesabu upya, na usaili huo ukatoka wa kwanza kati ya njia walizopima. Kwetu faida yake ni moja zaidi: mtoto asiye na mjomba ofisini anapata maulizo sawa na mtoto wa mkubwa. Lakini maulizo yakiuzwa usiku, utaratibu wote unabaki kuwa nguo nzuri juu ya kidonda.

4. Kuhesabu wafu, kusikia mashahidi

Inchi yetu ilihesabu watu wote kwa mara ya mwisho mwaka 1984. Kwa hiyo vita ilipokuja, hakukuwa na daftari la kutuambia wangapi wamekufa. Tangu mwaka 2000 shirika la IRC lilituma watu nyumba kwa nyumba na maulizo mamoja: nani aliishi hapa, nani alizaliwa, nani alikufa, lini, kwa sababu gani? Katika hesabu yao ya mwisho walifika kwenye nyumba 14.000, na mwaka 2008 wakatangaza ya kuwa vita na matokeo yake viliua watu milioni 5,4 tangu 1998. Wataalamu wengine walikataa hesabu hiyo, wakisema kipimo cha vifo vya wakati wa amani kilikuwa chini mno. Hata hivyo waliweza kubishana vizuri kwa sababu maulizo yalijulikana.

Utaratibu nao una mitego. Ukisema «nyumba», wengine wanafikiri ukuta, wengine wanafikiri watu wa chungu kimoja. Ukisema «ndugu», mtoto wa baba mdogo yumo. Asiyejua Kiswahili cha kwetu atahesabu vibaya na karatasi yake safi.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, ile inayoitwa Mapping, ilifuata njia ya pili. Iliangalia uhalifu wa 1993 mpaka 2003. Mashahidi zaidi ya 1.280 walisikilizwa na matukio 617 yaliandikwa. Shahidi wa namna hiyo haulizwi «ndiyo ao hapana». Anaachwa aeleze, kisha neno lake linalinganishwa na la mwingine asiyemjua.

5. Jibu lirudi

Basi kila namna na kazi yake. Ukitaka kuchagua mtu, ao kuhesabu, shika orodha, usimpendelee mtu. Ukitaka kujua yaliyompata mtu, weka orodha kando kidogo, umwachie neno.

Lakini katika desturi ya baraza kulikuwa na jambo la tatu, na hilo ndilo linalokosekana zaidi leo: aliyesema alirudishiwa neno. Shauri lilimalizika mbele ya wote. Leo kijana anakosa kazi bila kuambiwa pointi zake. Mama anaeleza kufa kwa watoto wake mbele ya mgeni mwenye karatasi, kisha mwaka ujao mgeni mwingine anakuja na maulizo yaleyale. Mashahidi wa Mapping walisema, na mpaka leo hakuna mahakama ya kimataifa iliyoundwa juu ya maneno yao. Ndiyo maana watu wamechoka kujibu.

Tunaomba vijana wetu wanaofanya usaili na utafiti wakumbuke hili: kuuliza ni kukopa. Mwenye kukopa neno la mtu, arudi kulipa.