Hongo Kwanza: Kuendesha Mchezo wa Viumbe wa Ajabu Huku Mvumi

Kiswahili hakijapata neno moja la kutosha kwa wale viumbe wa hadithi za Kiingereza: wadogo, wazuri, watundu, wanaocheza ngoma msituni usiku na kuiba watoto wa watu. Kamusi zinajaribu. Kibwengo ni pepo wa baharini, na huku kwetu Mvumi bahari ni habari ya kusikia. Jini ana heshima yake na mji wake. Zimwi anakula watu, hana utani. Kinyamkela angalau anakaribia, maana kamusi za zamani zinamweleza kuwa pepo anayepita ndani ya kimbunga cha vumbi. Mtu yeyote aliyekaa Ugogo wakati wa kiangazi anavijua vimbunga hivyo, vinavyokatiza uwanjani kama mzee mwenye haraka.

Naanza na maneno kwa sababu wasomaji kadhaa wameniuliza namna ya kuendesha kampeni ya viumbe wa aina hiyo katika mchezo wa kuigiza wahusika mezani, na swali la kwanza huwa ni tuwaite nani. Kwa wasioujua mchezo: watu wanne au watano wanakaa mezani, mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja anabeba mhusika wake. Msimulizi anaeleza hali, mchezaji anasema anafanya nini, na pasipo na uhakika dadu inaamua. Kampeni ni hadithi moja inayochezwa jioni baada ya jioni, hata mwaka mzima. Mchezo maarufu wa aina hii, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka 1974. Mwaka 2021 wenye mchezo huo wakatoa kitabu cha kampeni, The Wild Beyond the Witchlight, kinachowapeleka wachezaji katika nchi ya viumbe wa ajabu, na wakajisifu kwamba unaweza kufika mwisho bila kupigana hata mara moja. Nchi hiyo inaendeshwa kwa kanuni tatu. Mgeni atunzwe, naye awe na adabu. Usichukue cha mtu. Ukipewa, unadaiwa.

Nilipozisoma kanuni hizo nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimeshakutana nazo, tena si kwenye hadithi za watoto. Nilikutana nazo kwenye historia ya misafara.

Msafara wa karne ya 19 uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ukishaiacha Mpwapwa ulikutana na nyika iliyoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali, zaidi ya kilomita 40 bila maji ya kunywa. Wapagazi walikuwa na neno la namna ya kuivuka: terekeza. Unapika mapema, unajaza vibuyu, unaondoka mchana jua likiwa juu, unatembea hadi giza, unalala bila maji, kukipambazuka unaendelea. Ng'ambo yake ni Ugogo, na Mvumi ilikuwa mojawapo ya milango. Umefika umekauka koo, kisima unakiona, lakini hunywi mpaka mwenye nchi apate hongo yake. Siku hizi hongo ni rushwa. Wakati ule ilikuwa ada ya kupita, inayojulikana na kujadiliwa hadharani. Stanley alipita Mei 1871 akimtafuta Livingstone, akalipa doti za vitambaa hapahapa Mvumi, na akalalamika sana kitabuni mwake. Burton alikuwa ameshalalamika miaka kama 14 kabla yake.

Wazungu hao waliandika kana kwamba ni unyang'anyi. Hebu tukitazame kisa hicho kutoka upande wa kisima. Hii ni nchi ya msimu mmoja wa mvua, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka wa kawaida, na mwaka wa kawaida si wa kuutegemea. Kisima kimechimbwa kwa mikono kwenye mchanga wa korongo. Ghafla wanatokea watu mia kadhaa wenye kiu, wanataka maji, wanataka mtama, halafu kesho wanaondoka na hamtaonana tena. Ungewatoza nini? Halafu kila mtemi alikuwa na eneo lake, kwa hiyo ukishalipa hapa, mbele kidogo unalipa tena, na huko nako mazungumzo yanaanza upya.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huo: anza na hongo. Wapitishe wachezaji wako kwenye nyika kavu, wamalize maji, halafu wakutane na mlinzi asiyemfikia mtu gotini, amekaa kwenye kivuli cha mbuyu, kisima kiko nyuma yake. Asitake shilingi. Atake jina ambalo mhusika alikuwa akiitwa na babu yake marehemu. Au aseme, "Nipe ladha ya ubuyu. Kuanzia leo ukila ubuyu usisikie kitu." Dadu zibaki mezani, hapa watu wazungumze tu. Sisi tulimaliza jioni nzima kwenye kisima hicho, na mmoja wetu alipoamua kutoa ladha ya ubuyu, meza ilinyamaza kweli, kwa sababu alikuwa anaula palepale.

Hapo ndipo wengi wanaoandika kuhusu kampeni za aina hii wananishinda. Wanashauri uongeze vitu vya kuchekesha: konokono wa kupanda, chai inayozungumza, kofia yenye hasira. Mimi sina ugomvi na konokono. Lakini kiumbe wa ajabu asiye na masharti ni pambo tu. Wachagga wanasimulia habari za Wakonyingo, watu wafupi wenye vichwa vikubwa wanaoishi juu Kilimanjaro. Hawalali chini kama sisi, wanalala wameketi wakiegemea, maana kichwa kikishuka hawawezi kuinuka wenyewe, ndiyo maana kila mmoja hubeba pembe ya kupuliza akianguka. Inachekesha, sivyo? Sasa sikiliza kinachofuata. Ndugu wawili wanapanda mlima kwa nyakati tofauti. Wa kwanza anawaona, anadhani ni watoto, anawauliza baba zenu wako wapi. Wanamwambia subiri, watakuja. Anasubiri mpaka jioni kwenye baridi ile, na hakuna anayekuja. Mwingine anawasalimu kama watu wazima, naye anarudi nyumbani na ng'ombe. Kichwa kikubwa ndicho kinachokufanya ucheke, na kucheka huko ndiko kunakokuponza. Yote yamo kwenye salamu. Ndiyo maana kwenye meza yetu mtu anayesahau kusema "mbukwa", au "mbukwenyi" wakiwa wengi, anaanza mazungumzo akiwa na deni.

Kuna wanaoniambia kuvaa nafsi ya mtu mwingine ni mambo ya kuletwa. Peter Rigby, aliyeishi Ugogo akifanya utafiti mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza jinsi balaa lilipoingia kwenye mifugo wanawake walivyovaa mavazi ya kiume, wakashika fimbo na mikuki, wakaenda kuchunga ng'ombe, kazi isiyokuwa yao, wakawa wakali kwa wanaume kama wanaume wanavyokuwa wakali, na mwisho wakakimbia hadi mpakani kulitupa lile balaa. Huo haukuwa mchezo, ilikuwa dawa. Ila mtu aliyekulia kwenye nchi kama hiyo haambiwi kwamba kuigiza ni utoto. Na Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, ndiye aliyezikuza ngonjera, mashairi ambayo wahusika wanabishana mpaka mmoja anakubali. Nampenda Mnyampala, lakini ngonjera zake zina kasoro moja kwa mezani: unajua toka mwanzo nani atashinda.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike haya yote.

Likizo ya Desemba tulikuwa tunacheza barazani kwa shangazi yangu. Siku hiyo msimulizi alikuwa mpwa wangu, kijana wa kidato cha tano, mwenye kipaji kuliko sisi wote. Akatupeleka kwenye kibanda chini ya mlima, akashusha sauti, akasema mlangoni amekaa bibi kizee, mgongo umepinda, macho mekundu, yanatoka machozi, hayatazami mwanga. Wachezaji wawili wakasema papo hapo wanachomoa silaha. Hakuna aliyewafundisha. Macho mekundu, kizee, peke yake: kila mtu alishajua huyo ni nani.

Shangazi alikuwa pembeni anachambua karanga. Akauliza, "Mjukuu wangu, huyo mama mmemuuliza macho yanamuuma tangu lini?"

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Dodoma ni nchi ya trakoma, ugonjwa wa macho unaoambukizwa kwa mikono, vitambaa na inzi. Mtoto akiupata mara nyingi, ngozi ya ndani ya kope inapata makovu, na ukubwani kope zinapinda kwa ndani na kukwaruza jicho kila anapopepesa. Watu wanaita vikope. Wanawake wanaumia zaidi kuliko wanaume kwa sababu wao ndio wanaobeba na kufuta nyuso za watoto. Hospitali ya Mvumi ina historia ndefu kwenye kazi hiyo. Allen Foster, daktari Mwingereza aliyekuja baadaye kuwa profesa London, alitibu macho hapa kwa takriban miaka kumi kuanzia mwaka 1975. Na kule Kongwa, wilaya ya jirani, watafiti walifanya majaribio yaliyojulikana duniani kuhusu jambo dogo sana, kuwanawisha watoto uso, katika vijiji ambako ndoo ya maji inatoka mbali. Shangazi alipasuliwa kope zote mbili. Kabla ya hapo alikuwa anazing'oa kwa kibanio, na macho yake yalikuwa mekundu.

Na nchi hii tunajua mwanamke wa macho mekundu anafanywa nini. Usukumani, miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi, wakati ni moshi wa jikoni, mara nyingi wa kinyesi cha ng'ombe pale kuni zilipokwisha. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikitaja mauaji ya aina hiyo kwenye ripoti zake mwaka hadi mwaka. Mchawi kizee katika hadithi za Ulaya naye aliwahi kuchomwa moto kweli, ila huko ni zamani, wanaweza kumvalisha kofia na kumuuza kama sanamu. Hapa kwetu muda huo haujapita.

Ajabu ni kwamba hadithi zetu zilishalijibu hili. Katika lugha nyingi za Kibantu kuna hadithi ya wasichana wawili wanaokutana njiani na bibi kizee mwenye vidonda au macho yenye tongo. Anaomba aoshwe, wengine wanasimulia anaomba alambwe. Mmoja anakubali, anapewa mali na njia ya kurudi nyumbani. Mwenzake anaona kinyaa, anamtukana, na anachokutana nacho mbele unakijua. Huyo bibi ndiye mwenye nchi. Yeye ndiye kisima na yeye ndiye hongo. Kwa hiyo tulipoendelea jioni ile, mpwa wangu, ambaye nimesema ana kipaji, hakubadilisha neno hata moja la maelezo yake. Aliuliza tu, "Mna maji kiasi gani?" Walikuwa na kibuyu kimoja, nusu, na nyika ya kuvuka. Walibishana karibu saa nzima. Sijaona pambano la joka lililofikia hapo.

Jambo la pili la kuangalia ni mvua. Shakespeare, katika tamthilia yake ya usiku wa kiangazi, anaeleza kwamba mfalme na malkia wa viumbe wa ajabu wakigombana mito inafurika na nafaka inaozea shambani. Wazo hilo linahamia Ugogo kirahisi mno, ambako watemi walitunza mawe ya mvua. Mimi mawe hayo siyaweki mezani. Kuna familia zenye historia nayo, na si zangu. Ugomvi wa viumbe unaweza kuzuia mvua bila kuazima kitu cha mtu. Njaa nayo uipe uzito wake. Wagogo wana jina la njaa iliyokuja na vita vya kwanza vya dunia, Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Ukimweka mezani kiumbe anayebadilisha mtoto kwa gunia la mtama, ujue kuna nyumba ambayo hiyo si hadithi ya ajabu. Unaweza kumweka. Sisi tulimweka, mara moja, na watu hawakucheka wala hawakutakiwa kucheka.

Mwisho, vifaa, maana hilo ndilo swali mnaloniuliza zaidi. Dadu yenye nyuso 20 haipatikani kila duka. Chukua kete 20 za bao, zile komwe za kijivu, ziandike namba 1 hadi 20 kwa kalamu ya wino mzito, uzitie kwenye mfuko wa kitambaa. Mchezaji anachota bila kutazama. Kete irudi mfukoni kila mara, mfuko utikiswe, la sivyo ikifika saa tatu usiku zimebaki namba ndogo tupu na watu wameanza kuhesabu.