Nilienda Murang'a Kutafuta Jina la Guka

Mama alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa kwa matatu, hata Roysambu hatujafika. Hakuuliza habari za kazi. "Umesikia wale watoto wa mzee wanataka kuuza shamba?"

Mzee ni kaka mkubwa wa guka yangu, na alifariki kitambo. Shamba ndilo lile ambapo guka na shosho wamezikwa, na ndipo Tata, dada ya baba, anaishi mpaka leo na ng'ombe wake wawili. "Wewe ndiye umesoma," Mama akasema. "Enda utafute hiyo karatasi."

Mimi nikadhani ni kazi ya siku moja. Nitafungua simu, niandike jina la guka, nilipe na M-Pesa, basi. Si tuko na eCitizen? Si kuna Ardhisasa tangu Aprili 2021? Lakini ukifika mahali pa kujaza, hakuna anayekuuliza jina la babu yako. Unaulizwa namba ya shamba. Huna namba, huna swali.

Nikapanda gari ya Murang'a nikidhani ofisini itakuwa tofauti. Karani alikuwa mama mmoja mpole sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu ambacho nimekifikiria tangu siku hiyo: "Kijana, hapa hatuweki watu. Tunaweka mashamba."

Alimaanisha rejista. Kila shamba lililosajiliwa lina kadi yake, ile ambayo kila mtu wa ardhi huiita grinkadi, na kadi zimepangwa kwa namba. Ukitaja namba, kadi inatolewa: mwenye shamba wa kwanza ni nani, akafuata nani, kuna mkopo wa benki, kuna amri ya korti. Ukitaja jina tu, karani afanye nini? Afungue kadi moja moja? Kisheria rejista ya ardhi ni ya umma, mtu yeyote anaweza kuomba kufanya sachi, na tangu 2010 Katiba inatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mlango uko wazi kabisa. Ni vile tu kwanza lazima ujue jibu ndio uruhusiwe kuuliza.

Nilitaka kujua ni nani alipanga mambo hivi, na kwa nini.

*

Chukua hati yoyote ya zamani ya Murang'a uisome pale juu. Haianzi na Murang'a. Inaanza na "Loc.", kisha namba, kisha jina la mahali, kisha namba ya shamba. Loc. ni lokesheni. Wakati wa mkoloni wilaya hii iliitwa Fort Hall, na lokesheni zake zilipewa namba. Fort Hall ilifutwa kwa ramani, bendera ikashushwa, tumekuwa na marais watano, lakini ukitaka kuuza shamba leo bado unataja namba ya lokesheni ya mkoloni.

Kabla ya hapo ardhi ya Wakikuyu ilikuwa na rejista yake, ila haikuwa ya karatasi. Ukoo mdogo, mbari, ulishika githaka, na ndani ya mbari kulikuwa na muramati, mtu wa kuangalia ile ardhi kwa niaba ya wengine. Neno muhimu hapo ni "kwa niaba". Muramati hakuwa mwenye mali peke yake. Mipaka iliwekwa na wazee na ikapandwa itoka, lile ua la majani mapana ambalo hata leo utaliona katikati ya majani chai ukashangaa nani alilipanda hapo. Familia moja ingeweza kuwa na vipande vitano sita: kimoja kando ya mto cha nduma, kingine mgongoni mwa kilima cha viazi vitamu, kingine cha malisho.

Serikali ya mkoloni iliviona vile vipande kama fujo. Sheria yake ya mwaka 1915 ilikuwa imeshaweka ardhi ya Waafrika chini ya Mfalme wa Uingereza, na mwaka 1921 mahakama ikathibitisha kwamba Mwafrika ni mpangaji tu ambaye anaweza kuondolewa. Vita vya Mau Mau vilipowaka na hali ya hatari ikatangazwa Oktoba 1952, serikali ilianza kutafuta njia ya kumfanya mkulima atulie. Mwaka 1954 ukaja mpango uliopewa jina la afisa wa kilimo Roger Swynnerton. Kila familia ikusanyiwe vipande vyake viwe shamba moja, lipimwe, liandikwe jina la mtu mmoja, apewe hati, apande kahawa, aombe mkopo. Mpango wenyewe haukuficha kwamba wenye uwezo wangepata ardhi zaidi na maskini wangebaki bila, na kwamba hilo lingezaa tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio na ardhi. Hiyo ilionekana kuwa maendeleo.

Sasa angalia tarehe. Mwaka 1954 ndio mwaka ambao maelfu ya wanaume wa Kikuyu walisombwa kupelekwa vizuizini, Manyani, Mackinnon Road, Mwea. Ndio mwaka ambao wanawake na watoto waliondolewa mashambani wakaingizwa vijiji vilivyozungushiwa mitaro. Yaani ardhi ilianza kuhesabiwa wakati wenyewe hawako. Kamati ya wazee wa mahali inakaa, inasikiliza madai, inapima vipande, inajumlisha ekari, inakata sehemu ya barabara, shule na soko, halafu inakuonyesha shamba lako jipya. Kamati hizo zilijaa watu walioaminiwa na serikali. Kama wewe uko Manyani, nani atakusemea?

Guka yangu alikuwa Manyani.

*

Kurudi kwa namba. Karani ndiye alinipa ujanja ambao wengine wenu mtauhitaji siku moja: ukikosa namba yako, tafuta ya jirani.

Nikaenda nyumbani kwa Tata. Jirani wa upande wa mto alikuwa na hati yake ndani ya mkoba wa plastiki, imekunjwa mara nne. Nikaandika namba. Wiki iliyofuata nikaenda Ruaraka, kwa idara ya upimaji, pale Thika Road, nikanunua nakala ya ramani ya eneo letu. Ramani hizi za usajili hazina majina kabisa. Ni mistari na namba, mto na barabara. Nikaweka kidole kwa shamba la jirani, nikafuata mto, nikahesabu mashamba mpaka kwa njia ya kwenda shule. Hapo. Namba ilikuwa imekaa ndani ya kile kipande cha ardhi miaka yote hii, na hakuna mtu kwetu aliyeijua.

Usidhani huo mstari wa ramani ni wa milimita. Mashamba ya huku mengi yana mipaka ya jumla, maana yake ramani inakuonyesha shamba liko wapi na linapakana na nani, bali mpaka kamili ni ule ua, ile itoka, ule mfereji. Shamba likigawanywa, mpimaji hujaza fomu ya mutesheni na namba ya zamani hufa, zinazaliwa mpya. Kwa hivyo unaweza kushika namba ya halali kabisa ya shamba ambalo halipo tena. Kuna sehemu nyingine pia za kuangalia. Bodi ya udhibiti wa ardhi, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1967, huweka kumbukumbu za kila idhini ya kuuza au kugawa shamba la kilimo. Na pale Moi Avenue, kwa Hifadhi ya Taifa, kuna ripoti za madisii wa Fort Hall. Nilishinda huko siku nzima. Ripoti zinahesabu ekari, kahawa na matuta. Watu wa guka wamo humo kama idadi.

Nikarudi Murang'a na namba. Nikajaza fomu ya sachi, nikalipa, nikaomba pia nakala ya grinkadi, kwa sababu sachi hukuambia tu nani ameandikwa leo. Ilipotoka, niliisoma nikiwa nimesimama.

Mstari wa kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1960: jina la mzee, kaka mkubwa wa guka, mtoto wa babu yetu mkuu, na jina la babu mkuu limeandikwa vibaya. Ekari zote. Mwenye shamba peke yake. Chini yake hakuna kitu.

*

Jibu rahisi ni kwamba mzee aliiba. Binamu zangu wengine wamelisema hilo kwa sauti, na pengine ni kweli. Wizi ulikuwepo. Kazi ya kukusanya ardhi Fort Hall ilijaa makosa na udanganyifu kiasi kwamba ilibidi irudiwe kabla ya uhuru.

Lakini Tata alikataa. Akaniuliza, kama aliiba, mbona guka aliporudi alionyeshwa mahali pa kujenga? Mbona alipanda kahawa na mzee akaja kumsaidia kuchimba mashimo? Mbona mzee hakuwahi kuvuka ile itoka ya katikati? Kwa maneno yake, mzee alikuwa "ameshika". Alienda mbele ya kamati akatetea ardhi yote ya baba yao kwa sababu yeye ndiye alikuwa huru kusimama hapo. Yaani alifanya kazi ya muramati.

Shida ni kwamba kadi haina mahali pa kuandika "ameshika". Ina mahali pa kuandika mwenye. Swali la rejista lilikuwa la benki na la serikali: nimshike nani? Jibu likawa mtu mmoja, na karibu kila mara mwanamume. Wake, dada, mabinti waliorudi nyumbani, kaka walio kizuizini, wote waliingia ndani ya jina hilo moja wakapotea humo.

Halafu sheria ikafunga mlango. Rejista ilipochapishwa, aliye na pingamizi alipewa siku 60. Na Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 ikasema kwamba korti inaweza kurekebisha rejista kwa sababu ya udanganyifu au makosa, isipokuwa kama ni usajili wa kwanza. Soma tena. Usajili wa kwanza, ule uliofanywa watu wakiwa kizuizini, ndio haukuweza kuguswa, hata ukithibitisha wizi. Katika kesi ya Obiero na Opiyo ya mwaka 1972, jaji alisema wazi kwamba haki za kimila hufa mara shamba likisajiliwa. Majaji wengine walitafuta njia, wakisema aliyesajiliwa anaweza kuwa amewashikia wenzake kama amana. Mabishano hayo yaliendelea miaka mingi.

Ulinzi huo wa usajili wa kwanza uliondoka na sheria mpya ya mwaka 2012, ambayo pia inaitambua amana ya kimila hata kama haijaandikwa kwa rejista. Na mwaka 2018, katika kesi ya Kiebia na M'Lintari iliyotoka Meru, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba amana hiyo inamfunga aliyesajiliwa. Lazima uithibitishe, lakini: kwamba ardhi ilikuwa ya familia au ukoo kabla ya usajili, kwamba wewe ni wa familia hiyo na si ndugu wa mbali sana, kwamba ungepata haki yako kama si jambo fulani kuingilia kati, na kwamba unayemdai ni wa familia hiyo hiyo.

Kwetu jambo fulani linaitwa Manyani.

Kwa hivyo nimejifunza kwamba rekodi ya shamba haiko kwa ofisi peke yake. Grinkadi ni ushahidi wa kilichoandikwa. Ushahidi wa kilichoachwa uko pale shambani: makaburi mawili, mistari ya kahawa, ile itoka ya katikati, vitabu vya malipo vya chama cha kahawa vyenye jina la guka. Uko pia kwa vichwa vya wazee wawili ambao wamevuka miaka 80. Nimewarekodi kwa simu, wakitaja tarehe, majina na mipaka. Kama una mzee kwenu, usingoje mazishi ndio uanze kuuliza. Anza na hili: jirani yetu upande wa juu ni nani, na namba yake ni ngapi?

Siku niliyomsomea Tata ile kadi, alinisikiliza akikamua ng'ombe. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu. "Na mimi, niko wapi hapo ndani?"

Hayuko. Shosho hayuko, guka hayuko, Tata hayuko.

Kesi hatujapeleka bado. Binamu wamekubali kukaa na wazee, na mazungumzo si mabaya. Lakini sheria inamruhusu mtu anayedai haki kwa shamba kuomba zuio, ili shamba lisiuzwe kabla hajasikilizwa. Tulijaza fomu na kiapo. Ilichukua safari tatu. Tata aliweka kidole gumba, akakifuta kwa leso, tukaenda kunywa chai.

Baada ya muda nikafanya sachi tena, kwa namba ile ile. Jina la mzee bado liko mahali pake. Ila sehemu ya vizuizi, ambayo ilikuwa tupu kwa miaka zaidi ya 60, sasa ina mstari mmoja, na kwenye huo mstari kuna jina la Tata, herufi zote zikiwa sawa. Hajaandikwa kama mwenye shamba. Ameandikwa kama mtu anayesema ngojeni kwanza. Nilipiga picha nikamtumia Mama.