Kiboko Nyuma ya Mlango

Shule niliyosomea ilikuwa na ofisi ya ushauri nasaha. Ukiingia ulikuta meza moja, viti viwili vya plastiki, katoni ya vitabu vya Kemia vilivyotafunwa na panya, na nyuma ya mlango, kiboko. Hiyo ni 2014, miaka 13 baada ya serikali kupiga marufuku kiboko shuleni. Mwalimu wa ushauri nasaha ndiye alikuwa pia naibu wa mwalimu mkuu. Yaani aliyesikiliza siri zako Jumatatu ndiye aliyekuandikia barua ya kukaa nyumbani wiki mbili ikifika Ijumaa.

Rafiki yangu mmoja aliingia pale tukiwa kidato cha pili. Babake alikuwa amefariki muhula huo. Aliacha kula, halafu akaacha kulala, halafu akaacha kuongea. Alikaa ndani nusu saa. Kufikia saa kumi jioni matroni alishajua, mpishi alishajua, na mwalimu wa Hesabu akamuuliza mbele ya darasa zima kama amemaliza kulia. Hakurudi tena kwenye ile ofisi. Muhula uliofuata hakurudi shule.

Nimekuwa nikijiuliza ile ofisi ilitoka wapi. Kuna mtu alikaa mahali akaamua kwamba msichana wa miaka 15 akilemewa, hapo ndipo ataenda. Na kabla yake, alikuwa anaenda wapi?

Kwa Waluo alikuwa anaenda siwindhe, nyumba ya pim, mwanamke mzee aliyelala na wasichana na kuwafundisha mambo ya ukoo, ya mwili, ya wanaume na ya dunia. Mombasa na miji mingine ya pwani kulikuwa na somo na kungwi, waliomshika msichana mkono alipovunja ungo. Sitaki kupaka haya asali. Kungwi alifundisha pia kuvumilia mume, na kuna mambo msichana hangethubutu kumwambia pim. Haikuwa tiba. Lakini kulikuwa na mtu mzima ambaye kazi yake, inayojulikana na kijiji kizima, ilikuwa kukaa na wasichana usiku na kuongea.

Wakoloni walileta kitu kingine kabisa. Mwaka wa 1910, mahali Nairobi palipokuwa pa kutengea wagonjwa wa ndui, walifungua nyumba ya vichaa. Mwaka wa 1924 ikaitwa Mathari. Jina hilo unalijua, hata kama hujawahi kupita pale. Uliambiwa utotoni kwamba ukiendelea hivyo utapelekwa huko.

Kuanzia 1938 hadi 1950 Mathari iliongozwa na J. C. Carothers, daktari aliyekabidhiwa kazi hiyo bila kusomea magonjwa ya akili. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alifananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Ni upuuzi, na wengi wamekwisha kuujibu. Linalonihusu hapa ni dai lake lingine, la kimya zaidi: kwamba Waafrika hawapatwi sana na ule ugonjwa wa huzuni nzito. Alihesabu waliofikishwa Mathari, akawakuta wachache. Sasa nani angefunga safari hadi Mathari kwa sababu binti yake ameacha kuongea? Waliopelekwa pale ni waliovunja vitu na kupiga watu. Msichana anayelia chini ya blanketi hamsumbui chifu.

Na lugha ya wazimu, ilipotumiwa kwa wanawake, ilitumiwa kuwanyamazisha. Wakati wa Hali ya Hatari maelfu ya wanawake walizuiliwa Kamiti, wengine wakiwa bado wasichana. Waliokataa kabisa kukiri kiapo cha Mau Mau waliwashinda maafisa, na hatimaye baadhi yao wakaelezwa katika faili za serikali kuwa watu wasio na akili timamu. Ukikataa wewe ni kichaa, na ukiwa kichaa hakuna haja ya kusikiza unachokataa. Nilipokutana na habari hiyo nilimkumbuka yule mwalimu wa Hesabu, ingawa najua mizani si moja.

Baada ya uhuru likaja neno ushauri. Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo chake mapema miaka ya sabini, na ripoti ya Gachathi ya 1976 ikasisitiza umuhimu wake, lakini wazo kubwa lilikuwa kumsaidia kijana kuchagua masomo na kazi. Machozi hayakuwa kwenye mpango.

Halafu usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya St Kizito kule Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, 71 walibakwa. Nchi ilizungumza sana kuhusu migomo na nidhamu. Mwaka wa 1998 moto uliua wasichana wa Bombolulu bwenini. Mwaka wa 2001 moto wa Kyanguli uliua wavulana 67, na mwaka huo huo kiboko kikapigwa marufuku, walimu wakaambiwa watumie ushauri nasaha.

Soma hiyo tena polepole. Ushauri nasaha uliingia shule zetu kwa nguvu kama mbadala wa kiboko. Haukuja kwa sababu mtu aliuliza wale manusura wa St Kizito wanalalaje usiku. Ulikuja kutuliza shule zisichomwe. Ndiyo maana mwalimu wa ushauri alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, na ndiyo maana nyuma ya mlango palikuwa na kile kilichokuwa pale. Ofisi ilikuwa inafanya kazi iliyotengenezewa. Na mwalimu mwenyewe, tusimwonee, alikuwa na vipindi vya Biolojia kama mwalimu mwingine yeyote na semina ya siku chache.

Jibu la maana zaidi nililolipata liko ng'ambo ya mpaka, Uganda. Mwaka wa 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watafiti walianza kwa kuwauliza watu wenyewe huzuni wanaiitaje. Walipewa majina mawili ya Kiganda, wakayatumia. Dawa zilikuwa ghali na madaktari wa akili wa kuhesabika, kwa hiyo wakachukua tiba ya mazungumzo iliyobuniwa Marekani miaka ya sabini na Gerald Klerman na Myrna Weissman, wakawafunza wenyeji wasio madaktari kuiendesha kwa vikundi. Tiba yenyewe haina uganga: inauliza huzuni hii ilianza wakati gani, palipotokea nini kati yako na watu wako. Msiba? Ugomvi? Maisha yamebadilika ghafla? Wiki 16, kikundi kimoja, watu wale wale. Ilifanya kazi, na vikundi vingi viliendelea kukutana hata baada ya watafiti kwenda zao.

Kisha wakaipeleka kaskazini, kwenye kambi mbili za wakimbizi wa ndani karibu na Gulu, wakati wa vita vya Kony. Vijana 314, wa miaka 14 hadi 17. Waacholi nao walikuwa na majina yao: two tam, par, kumu. (Mjaluo wa Kisumu atalisikia hilo la pili bila mkalimani.) Wengine waliwekwa kwenye vikundi vya mazungumzo, wengine kwenye michezo na sanaa, wengine wakasubiri zamu. Wasichana walikuwa na vikundi vyao, wakiongozwa na mwanamke wa pale pale. Matokeo yalichapishwa 2007. Michezo haikupunguza huzuni. Mazungumzo yaliipunguza kwa wasichana, na kwa wavulana haikuonekana wazi.

Huwa nairudia hiyo sentensi ya mwisho. Wasichana wa kambini, katika vita, walihitaji duara, mwanamke aliyefunzwa vizuri anayesimamiwa, na uhakika kwamba yanayosemwa hapa yanabaki hapa. Siwindhe yenye mbinu na rejista.

Mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani, lile lile lililochapisha kitabu cha Carothers, lilitoa mwongozo wa tiba hiyo ya vikundi.

Kwetu Kenya, mwaka wa 2021 kundi la Tom Osborn, Mkenya aliyeanzisha Shamiri, lilichapisha utafiti wa wanafunzi 413 wa sekondari. Saa moja kwa wiki, wiki nne, na waendeshaji walikuwa vijana wa miaka 18 hadi 22 waliotoka tu shule. Dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo nakiri niliposoma hapo nilikaa wima kidogo. Lakini sitaki tudanganyane. Kijana wa miaka 19 hawezi kumtibu msichana anayesikia sauti, wala aliyebakwa na mjomba na bado anaishi kwa mjomba. Lazima kuwe na mtu wa kumpeleka, na mtu huyo Wajir au Turkana ni nadra. Hadi Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ilipokiondoa kifungu cha 226, msichana aliyejaribu kujiua alikuwa mshukiwa wa jinai. Mamake alikuwa na sababu nzuri ya kusema amekula chakula kibaya.

Rafiki yangu sasa anauza mitumba. Tuliongea wiki jana, nikamweleza naandika hii, nikamuuliza kama anakumbuka alichomwambia mwalimu siku ile.

"Sikumwambia kitu," akasema. "Aliuliza kama nina mimba. Nikasema hapana. Akaniambia basi rudi darasani."