Ugawaji wa muda wa prosesa

Ugawaji wa muda wa prosesa ni kazi ya mfumo wa uendeshaji ya kuamua ni programu ipi itumie prosesa ya kompyuta au simu, kwa muda gani, na ipi isubiri. Sehemu ya mfumo inayoamua hayo huitwa kipangaji.

Kwa kawaida kiini kimoja cha prosesa hutekeleza programu moja tu kwa wakati mmoja. Katika duka la steshonari mjini Musoma kompyuta moja yaweza kupiga muziki, kutuma barua kwenye printa na kunakili mafaili kwenye fleshi huku karani akichapa. Kwa macho mambo hayo yanakwenda pamoja, lakini kwa kweli programu zinapokezana, kila moja ikipewa milisekunde chache.

== Historia ==
Kompyuta za mwanzo hazikupokezana hivyo. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mashine za wakati huo kwa kawaida zilipewa kazi kwa mafungu, kila kazi ikiendelea hadi iishe. Ni kama kwenye mashine ya kusaga huko Butiama: mwenye kilo mbili za mtama akimkuta mwenye magunia kumi ya udaga ametangulia, atasubiri hadi jioni. Foleni imefuatwa, lakini ni vigumu kuiita haki.

Mnamo Novemba 1961 Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa zamu fupi. Zamu hizo zinategemea saa ya ndani ya mashine. Saa hiyo huikatiza programu, ipende isipende, na kuirudishia kerneli madaraka. Mifumo isiyofanya hivyo ilitegemea hisani ya programu zenyewe. Katika Windows 3.1 ya mwaka 1992, kwa mfano, programu moja iliyokataa kuachia zamu iliweza kuzigandisha nyingine zote.

== Usawa katika Linux ==
Kipangaji kinachojulikana zaidi kwa suala la haki ni CFS, kilichoandikwa na Ingo Molnár na kuingizwa katika Linux 2.6.23 mwaka 2007. Mawazo yake yalichochewa kwa sehemu na kazi ya Con Kolivas, daktari wa usingizi wa Australia aliyejifunza kuandika programu mwenyewe.

CFS huiwekea kila programu daftari la muda iliokwisha kutumia. Zamu inayofuata huenda kwa yenye hesabu ndogo kuliko zote. Programu tatu zenye uzito sawa zitapata theluthi moja kila moja. Uzito wa kawaida ni 1024. Mtumiaji akiishusha programu ngazi tano, uzito wake huwa 335, nayo ikishindana na programu moja ya kawaida hupata takriban robo ya muda. Hainyimwi kabisa, jambo ambalo ni muhimu, kwa kuwa baadhi ya vipangaji vya kufuata vyeo tu huweza kuiacha programu ya chini ikisubiri bila mwisho.

Programu ya kuchapia hukaa muda mwingi ikingoja kidole cha karani, hivyo hesabu yake hubaki ndogo, na herufi ikibonyezwa huhudumiwa upesi. Hata hivyo, programu iliyolala saa nzima hairuhusiwi kudai saa hiyo yote inapoamka. Hesabu yake husogezwa karibu na ya wenzake, la sivyo ingewafungia wote nje.

Tangu Linux 6.6 ya mwaka 2023, CFS imeachia nafasi kwa EEVDF, mbinu iliyopendekezwa na watafiti mwaka 1995. Hii huzingatia pia tarehe ya mwisho ya kila zamu, ili programu inayohitaji zamu fupi za haraka isicheleweshwe, ingawa haiongezewi muda.

== Sawa kwa nani? ==
Swali gumu ni nani ahesabiwe. Wanafunzi wawili wakitumia kompyuta moja ya chuo, mmoja akaendesha programu tisa na mwingine moja, kugawa kwa programu kutampa wa kwanza asilimia 90. Huo ni mwanya wa wajanja. Kwa sababu hiyo Linux inaweza kugawa kwanza kwa makundi, kila mwanafunzi nusu, kisha nusu hiyo igawanywe ndani ya kundi.

Android, iliyojengwa juu ya Linux, hutumia makundi hayo kwa lengo jingine. Programu iliyo mbele ya mtumiaji huwekwa katika kundi lenye fungu kubwa, na zile za nyuma, kama inayopakua picha kimyakimya, katika kundi lenye fungu dogo. Usawa umeachwa hapo kwa makusudi. Katika simu ya bei nafuu yenye prosesa dhaifu, ndiyo maana mtu anayetuma pesa huweza kuona namba zikiitika kidole chake hata kama picha za kundi la familia bado hazijafika.