Fuvu la Kondoo na Neno "Pingili"

Mwaka 1790, kwenye ufuko wa Lido karibu na Venice, mshairi Goethe wa Ujerumani alitazama fuvu la kondoo lililopasuka, akaamini kuwa fuvu ni pingili za uti wa mgongo zilizogeuka umbo. Hakulitangaza wazo hilo. Lorenz Oken ndiye aliyelitangaza huko Jena mwaka 1807, na baadaye wawili hao waligombania nani alitangulia.

Mwaka 1858, mjini London, Thomas Henry Huxley aliipinga nadharia hiyo kwa kufuata ukuaji wa kiinitete, badala ya kulinganisha mifupa iliyokwisha komaa. Katika kijusi cha kondoo, kitako cha fuvu hutanguliwa na gegedu, kama zilivyo pingili. Lakini mifupa ya paa la fuvu huumbika moja kwa moja ndani ya utando. Sehemu ya kisogo tu ndiyo yenye udugu wa asili na pingili.

Basi anayemfasiri Oken na aandike "pingili za kichwa", kwani ndivyo alivyoamini mwenyewe. Katika kitabu cha shule, hata hivyo, istilahi hiyo ingemfundisha mwanafunzi jambo lililokwisha kanushwa. Hapo twapendelea "mfupa wa kisogo" na "mfupa wa paji".