Nyuropathia ya Pembeni kwa Watoto Wenye Lukemia

Nyuropathia ya pembeni ni hitilafu ya neva zinazotoka kwenye ubongo na uti wa mgongo kwenda mikononi, miguuni na katika viungo vya ndani. Kwa Kiswahili ni ugonjwa wa neva za pembeni. Wengi husema "mishipa ya fahamu", lakini katika pwani ya Kilwa na Lindi, ambako matende na mabusha yamesumbua watu miaka mingi, ukitaja mshipa msikilizaji hufikiria ngiri au busha. Neno neva humwondolea mzazi utata huo.

Kwa mtoto mwenye lukemia, yaani saratani ya damu, chanzo kikubwa ni vinkristini, dawa itokanayo na mmea wa vinka wenye asili ya Madagaska. Dawa hiyo huvuruga vijifereji vilivyomo ndani ya seli, na seli za saratani hushindwa kugawanyika. Neva nazo hutumia vijifereji hivyo kusafirisha mahitaji yake. Ndiyo maana zile ndefu, za miguuni, hudhurika mapema.

Mtoto mdogo hajui kueleza ganzi, hivyo uchunguzi huanza kwa kumtazama. Huambiwa atembee kwa visigino; akishindwa kuinua nyayo, misuli ya mbele ya mguu imelegea. Kano iliyo juu ya kisigino hugongwa kwa nyundo ya mpira. Wayo usiposhtuka, neva ina kasoro. Mzazi huulizwa kuhusu maumivu ya taya, kufunga choo, kope kulegea na sauti kukauka. Penye shaka, hupimwa kasi ya umeme katika neva.

Sababu nyingine hazisahauliwi. Maji ya uti wa mgongo huonyesha kama lukemia imefika kwenye ubongo. Familia huulizwa kuhusu ugonjwa wa kurithi wa Charcot-Marie-Tooth, kwa kuwa mwenye nao huweza kulemazwa na vinkristini. Dawa za fangasi kama itrakonazoli nazo huzidisha madhara ya vinkristini.

Mtoto wa Mitole, wilayani Kilwa, anayetibiwa katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, akirudi nyumbani kati ya dozi, mwendo wake uendelee kuangaliwa. Akianza kujikwaa au kuburura miguu, daktari wake aarifiwe kabla ya dozi inayofuata, ili aamue kuipunguza au kuiahirisha. Mzazi asiikatishe dawa mwenyewe: neva nyingi hupona polepole, lakini lukemia isiyotibiwa huua.