Kompyuta haipati jina la mwenzake: namba kwanza

Sauti ya ripotaji iko tayari, saa ya habari imefika, lakini masini ya studio inasema haijui kompyuta "MONTAGE". Wengi wanakimbilia kung'oa waya. Ndani ya rezo, jina ni la kusaidia watu tu. Masini zinatafutana kwa namba, yaani adresi ya IP.

Kwenye MONTAGE yenye Windows, andika ipconfig, usome namba yake, tuseme 192.168.1.14. Studio, andika ping na namba ile, kisha ping na jina. Namba ikijibu na jina likikataa, waya ni mzima. (Namba ikinyamaza, usihukumu haraka: ulinzi wa Windows unaweza kuzuia ping.)

Mara nyingi umeme ulikatika, rutere ikagawa namba upya, na studio ingali inashika ya jana. Jaribu ipconfig /flushdns. Isiposaidia, angalia faili hosts, pengine fundi aliacha humo mstari wa zamani. Masini mbili zenye jina moja nazo zinagombana. Ili isirudi, ndani ya rutere ifungie MONTAGE namba yake.

Dakika zikikosekana, andika tu \\192.168.1.14 uchukue sauti. Jina litatengenezwa kisha habari.